Leseni Haifungui Geti: Namna ya Kumaliza Mgogoro wa Ruhusa ya Kuwinda Katika Ardhi ya Mtu

Saa kumi na mbili asubuhi, getini. Huku kasimama mwindaji, bunduki begani, leseni mfukoni, anasema ana ruhusa. Kule kasimama mwenye shamba, koti kalitupia juu ya nguo za kulalia, anasema huyu mtu hamjui. Mwindaji anamtaja aliyemruhusu: ni mdogo wake mwenye shamba, waliongea kwa simu mwezi uliopita. Mwenye shamba anacheka kicheko cha hasira, maana huyo mdogo wake hana hata robo eka pale.

Hakuna aliyesema uongo hapo. Migogoro mingi ya uwindaji katika ardhi binafsi iko hivi, na ndiyo maana inawasha watu haraka: kila mmoja ana kweli yake mkononi, na kila mmoja anamwona mwenzake ni mhuni. Mwindaji anadhani leseni na neno la simu vimemaliza kazi. Mwenye shamba anadhani hati miliki imemaliza kazi. Lakini leseni hutoka serikalini na humruhusu mtu kuwinda. Ruhusa hutoka kwa mwenye haki na humruhusu mtu kuingia. Moja haizai nyingine, na ukilishika hilo utaweza kuufungua mgogoro hata ukiwa umejisokota vipi.

Nimeziandika hatua hizi kwa pande zote mbili. Ukiwa mwindaji, usiziruke zinazomhusu mwenye ardhi. Humo ndimo utakapojua anachokiogopa.

Hatua ya kwanza: silaha kwanza, haki baadaye

Mabishano kati ya watu wawili ambao mmoja wao ana bunduki yenye risasi si mabishano ya kawaida. Kwa hiyo kabla ya kusema lolote la haki, mwindaji aondoe risasi, afungue chemba ionekane iko tupu, mtutu uelekee chini mahali pasipo mtu wala mnyama. Afanye polepole, na aseme anachofanya: "Naondoa risasi, halafu tuongee." Mwenye upinde arudishe mishale kwenye podo. Mbwa wafungwe kamba.

Ukiambiwa utoke, toka. Hata kama una karatasi iliyosainiwa, hata kama umelipa. Onyesha karatasi, sema kwa kifupi nani aliyekupa, kisha ondoka kwa njia uliyoingilia. Nusu shari kuliko shari kamili. Karatasi yako haitapungua nguvu kwa sababu uliondoka. Itapungua nguvu sana ukibaki, ukatukana, na mtu akarekodi.

Mwenye shamba naye ana miiko yake. Usishike bunduki ya mtu. Usilizuie gari lake kwa trekta lako ukamfungia ndani, kwa sababu unataka atoke, sasa mbona unamfungia? Usitoboe matairi, usichukue funguo, wala usiende kuleta silaha yako ili mlingane. Andika namba ya gari, piga picha ukiwa mbali, na kama mtu hataki kuondoka au unahisi hatari, piga simu kwa polisi au kwa maofisa wa wanyamapori wa eneo lako. Nimewahi kukaa katika kikao ambamo mwenye shamba alikuwa na haki tupu kuhusu ruhusa, lakini alikuja akiwa ndiye mlalamikiwa, kwa sababu ya kioo cha gari alichokivunja kwa jiwe.

Hatua ya pili: tenganisha maswali matatu

Mkishapoa, kila mmoja akae na karatasi ajibu maswali haya, moja moja, bila kuyachanganya. Mnyama ni wa nani? Ardhi ni ya nani? Haki ya kuwinda hapo ni ya nani? Watu wengi hudhani ni swali moja. Ni matatu, na majibu hubadilika ukivuka mpaka wa nchi.

Chukua Marekani. Huko wanyamapori huhesabiwa kuwa amana ya umma chini ya usimamizi wa majimbo. Mwenye ranchi hamiliki swala anayekula nyasi zake, lakini anamiliki geti, kwa hiyo ndiye anayeamua nani apite. Ujerumani mambo ni tofauti: haki ya kuwinda imefungwa na ardhi yenyewe, lakini ili uitumie peke yako shamba lako linapaswa kufikia kwa kawaida hekta 75 zilizoungana. Wenye vipande vidogo huunganishwa katika ushirika wa uwindaji, nao ushirika ndio unaokodisha eneo lote. Maana yake ni kwamba mwindaji anaweza kuonekana kwenye shamba lako asubuhi akiwa na haki kamili ambayo hukuitoa wewe binafsi.

Uingereza haki ya kuwinda inaweza kutenganishwa na ardhi, ikauzwa au ikabakizwa na mmiliki wa zamani wakati shamba linauzwa. Unanunua shamba, unajenga nyumba, kisha anatokea mtu na hati ya miaka mingi nyuma inayosema ndege wa hapo ni wa kwake kuwinda. Na tangu sheria ya 1880, anayelima shamba, hata kama ni mpangaji tu, ana haki ya kuua sungura wanaomlia mazao, haki ambayo mwenye ardhi hawezi kumnyang'anya kwa mkataba. Afrika Kusini wana sheria ya 1991 inayomwacha mwenye shamba abaki mmiliki wa wanyama wake ikiwa eneo limezungushiwa uzio wa kutosha, na wakitoroka au wakivutwa nje hapotezi miliki hiyo. Kenya uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku 1977. Hapo mwenye ardhi hata akikukaribisha kwa chai na barua yenye muhuri, hana cha kukupa.

Sikuyaweka haya ili uyakariri. Nimeyaweka ili uone kwa nini yale unayoyasikia kwa rafiki anayewinda nchi nyingine, au jimbo lingine la nchi hiyohiyo, yanaweza kukupeleka pabaya. Tafuta sheria ya wanyamapori ya mahali ulipo, kisha sheria ya ardhi, kisha sheria ya silaha. Hiyo ya tatu watu huisahau. Uingereza, kwa mfano, kuingia shamba la mtu bila idhini kwa kawaida ni jambo la madai tu, lakini ukiingia na bunduki bila sababu halali, sheria ya silaha ya 1968 inaligeuza kuwa jinai.

Swali moja dogo ndani ya haya matatu huzaa ugomvi kuliko yote: ukimya wa mwenye shamba unamaanisha nini? Kuna mahali ukimya ni ruhusa. Katiba ya Vermont, jimbo la Marekani, tangu 1777, inawapa watu uhuru wa kuwinda katika ardhi ambazo hazikufungwa, hivyo asiyetaka wawindaji lazima aweke mabango, ayaandike tarehe kila mwaka na ayasajili katika ofisi ya mji. Kuna mahali ukimya ni katazo. Texas, jimbo jingine la nchi hiyo, huwezi kuwinda ardhi ya mtu bila idhini yake, pawe na bango au pasiwe. Mwindaji aliyezoea mazingira ya kwanza akihamia ya pili atavunja sheria huku akijiona mstaarabu.

Hatua ya tatu: mtafute aliyetoa ruhusa, na uulize kama alikuwa nayo ya kutoa

Rudi kwenye lile geti letu. Tatizo la mwindaji halikuwa kukosa ruhusa. Alikuwa nayo. Tatizo ni kwamba aliyeitoa hakuwa nayo.

Kwa hiyo fuata mnyororo. Nani alisema ndiyo? Ni mmiliki, mpangaji, msimamizi, mwana wa mwenye shamba, jirani, au mlinzi wa geti aliyepewa chochote? Mpangaji wa malisho amekodi nyasi. Mara nyingi hajakodi uwindaji, isipokuwa mkataba wake useme hivyo au sheria ya mahali impe. Msimamizi anaweza kuwa na mamlaka, lakini muombe akuonyeshe au mpigie mmiliki mwenyewe. Shamba la urithi ambalo halijagawanywa ni mtego mkubwa: ndugu wanne, mmoja karuhusu, mmoja kakataza, wawili hawana habari. Ushauri wangu kwa mwindaji ni mfupi. Kama warithi hawajakubaliana, huna ruhusa. Usijifanye wakili wa yule aliyekukubalia.

Halafu uliza ruhusa ilikuwa ya aina gani. Kuna ruhusa ya hisani, ile ya "karibu tu, pita uwinde". Hiyo kwa kawaida inaweza kufutwa wakati wowote, haihitaji sababu, haihamishwi kwa rafiki wala shemeji, na huyeyuka mwenye shamba anapofariki au kuuza. Na kuna kukodi haki ya kuwinda kwa malipo na kwa muda, kwa mkataba. Hiyo haifutwi kwa hasira ya asubuhi moja. Ikifutwa kinyume cha mkataba mwindaji anaweza kudai fedha yake, na pengine zaidi. Ugomvi mwingi unatokana na fedha zilizopita katikati bila mtu kuzipa jina. Mwindaji alitoa "ahsante" kila msimu kwa miaka sita, mwenye shamba akaiona zawadi, mwindaji akaiona kodi. Wakikosana, kila mmoja anashangaa kwa dhati.

Kwenye hili mwenye shamba anapaswa kujua jambo jingine. Katika majimbo mengi ya Marekani zipo sheria zinazomkinga mwenye ardhi anayewaachia watu waingie bure kwa starehe zao, asishtakiwe kirahisi mtu akiteguka mguu kwenye shimo. Akitoza fedha, kinga hiyo hupungua au huondoka. Kwa hiyo kabla hujapokea hata senti, jua inakugeuza kuwa nani mbele ya sheria, na uzungumze na mtu wa bima.

Hatua ya nne: mpaka, si mazoea

"Sisi siku zote tunawindia mpaka kwenye ule mti" si ushahidi wa mpaka. Ni ushahidi wa mazoea. Uzio nao si lazima uwe mpaka. Watu hujenga uzio pale ambapo nguzo zinasimama vizuri, au wanaukwepesha korongo, na baada ya miaka thelathini kila mtu anaamini ndio mstari.

Anza na ramani ya upimaji na bikoni. Ramani za kwenye simu zinazoonyesha viwanja na majina ya wamiliki ni msaada mkubwa, lakini mstari wake unaweza kuwa umekaa mita kadhaa pembeni, na GPS ya simu chini ya miti minene nayo huyumba. Ukiweka dungu lako mita tano kutoka kwenye mstari wa simu, huna uhakika uko upande gani. Weka mbali, mita hamsini au zaidi, uwinde kwa amani. Ukiwa mwenye shamba na ugomvi umefika mbali, mlipe mpima ardhi. Ni gharama, ila ni gharama ya mara moja.

Kisha weka alama. Mabango huchanika, hung'olewa, na mengine hupigwa risasi na watu wasio na kazi. Majimbo kadhaa ya Marekani yamekubali rangi ya zambarau kwenye miti au nguzo kuwa sawa na bango la "usiingie". Texas wameeleza mpaka vipimo: mistari ya wima, urefu usiopungua inchi 8, upana usiopungua inchi 1, ikae kati ya futi 3 na futi 5 kutoka ardhini, na umbali kati ya alama na alama usizidi futi 100 penye msitu au futi 1,000 pasipo msitu. Hata kama unapoishi rangi haina nguvu ya kisheria, kipimo hicho ni kizuri kukiiga: alama inayoonekana usawa wa macho, na ukisimama kwenye moja unaiona inayofuata.

Kuna kesi ya mpaka ambayo kila mwindaji anapaswa kuijua, ya jimbo la Wyoming, Marekani. Huko ardhi ya umma na ya binafsi zimekaa kama ubao wa drafti, miraba kwa miraba. Mwaka 2021 wawindaji wanne walivuka kutoka mraba wa umma hadi mraba mwingine wa umma kwa kupitia pembe zinapokutana, bila kukanyaga ardhi ya binafsi. Safari hiyo walitumia ngazi waliyoipitisha juu ya pembe; mwaka mmoja kabla baadhi yao walikuwa wamepita hapo kwa kushika nguzo za pembeni. Baraza la wazee wa mahakama (jury) liliwaondolea hatia ya jinai mwaka 2022. Mwenye ranchi akawafungulia ya madai, akisema thamani ya mali yake imeshuka kwa mamilioni ya dola. Machi 2025 mahakama ya rufani ikawapa wawindaji ushindi, ikiegemea sheria ya 1885 inayokataza kuifungia ardhi ya umma. Wameshinda, sawa. Lakini hesabu miaka waliyokaa mahakamani kwa ajili ya hatua moja ya mguu hewani.

Hatua ya tano: mnyama kajeruhiwa, kavuka

Hapa pananichukua muda kuliko hatua nyingine, kwa sababu hapa watu wema hugombana. Ulipiga upande wako, kihalali. Mnyama akayumba, akakimbia, akaruka uzio. Unaiona damu kwenye waya. Kila kitu ndani yako kinasema fuata, usimwache ateseke. Na jirani, akikuona ndani ya shamba lake na bunduki, hana njia ya kujua risasi ililia wapi.

Swali la nani mwenye mnyama ni la zamani. Mwaka 1805 mahakama ya New York ilisikiliza kesi ya mbweha: Post alikuwa anamfukuza na mbwa wake, Pierson akamuua mbele ya macho yake na kumchukua. Mahakama ikasema kumfukuza tu hakumfanyi mnyama kuwa wako. Umiliki unakuja ukimkamata, au ukimjeruhi kwa namna ambayo hawezi tena kuponyoka. Wanafunzi wa sheria wanaisoma hadi leo. Ila usijidanganye nayo: ilihusu ardhi isiyo na mwenyewe. Hata kama windo ni lako, njia ya kulifikia inaweza isiwe yako.

Sheria zimegawanyika. Minnesota, Marekani, mtu anaweza kuingia kwa miguu katika ardhi isiyowekewa katazo kumfuata mnyama aliyemjeruhi kihalali, lakini mwenyewe akimwambia toka, anatoka. Ujerumani kumfuata mnyama katika eneo la mwingine hutegemea makubaliano ya wenye maeneo. Kwingineko bila ruhusa huingii kabisa, hata kama unamwona amelala hatua kumi mbele.

Fanya hivi, popote ulipo. Simama kwenye uzio. Weka alama mahali damu ilipovukia, piga picha ya damu ya upande wako ikionyesha inakotokea, andika saa. Mpigie jirani. Sema: "Nimempiga upande wangu saa kumi na moja na robo, kavuka karibu na lile tangi lako la maji, naomba nije nimtafute. Bunduki naiacha. Ukipenda njoo tufuate wote." Sentensi hiyo ya bunduki ndiyo inayofungua mlango. Kama hapokei, mwandikie ujumbe, kisha mpigie ofisa wa wanyamapori; yeye anaweza kuongea na mwenye ardhi, na mara nyingi neno lake hupokelewa vizuri kuliko lako. Jirani akikataa katakata, umekataliwa. Inauma, nyama inaoza, mnyama anateseka, na bado hujapata haki ya kuruka.

Kwa mwenye shamba: una haki ya kukataa mahali pengi, lakini fikiria kusema ndiyo kwa masharti. Mzoga unaooza karibu na kisima chako si ushindi. Na usimchukue mnyama huyo ukamweka jokofuni kwako. Bila leseni na lebo ya windo, huenda wewe ndiye utakayeulizwa maswali.

Afadhali kuliko yote, majirani wakubaliane kabla ya msimu. Mstari mmoja tu wa maandishi unatosha.

Hatua ya sita: andika siku hiyohiyo

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ruhusa ni hivyohivyo. Usiku wa siku ya ugomvi, kabla hujasimulia kwa watu (kila ukisimulia, kisa kinanenepa), andika: saa, mahali, nani alikuwepo, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, hali ya geti, lilikuwa na kufuli au limefungwa kamba. Hifadhi ujumbe wa simu. Usifute hata ule unaokuaibisha. Picha za kamera za porini zitoe na tarehe zake. Kamera usiyoifunga wewe, iliyo ndani ya ardhi yako, usiivunje wala kuichukua kimya. Ipige picha ilipo, mpe mwenyewe muda wa kuja kuitoa. Hivyohivyo kwa dungu.

Hatua ya saba: ongeeni, na mkiwa mnafuta ruhusa, fanyeni kwa maandishi

Subiri siku mbili au tatu. Kutaneni mahali pasipo na geti wala bunduki, mchana, kila mmoja na mtu mmoja tu wa kumsindikiza. Kila ukiongeza mtu, unaongeza hadhira, na mbele ya hadhira hakuna anayerudi nyuma.

Mwindaji aanze kwa kukiri alichokosea, hata kama ni kidogo: hakupiga simu kwanza, aliegesha gari juu ya mazao, aliacha geti wazi ng'ombe wakatoka. Usiunganishe kukiri na "lakini". Mwenye shamba naye aseme hasa kinachomkera. Ukisikiliza vizuri utagundua mara nyingi si uwindaji wenyewe. Ni magari yanayochimba barabara wakati wa mvua. Ni wageni asiowajua. Ni risasi karibu na nyumba yenye watoto. Hayo yana dawa, wakati "sitaki kukuona" halina dawa.

Kama uamuzi ni kufuta ruhusa, usiache ijulikane kwa kufuli jipya. Andika hivi:

"Ndugu yangu, kuanzia tarehe … ruhusa niliyokupa ya kuwinda katika shamba langu lililopo … imefutwa, pamoja na ya wageni wako wote. Una hadi tarehe … kuja kuchukua dungu na kamera zako. Nipigie siku moja kabla. Baada ya hapo ukiingia bila idhini yangu ya maandishi nitatoa taarifa kwa mamlaka."

Usiongeze malalamiko. Tuma kwa njia inayoacha alama kwamba imepokelewa, ubaki na nakala.

Mara nyingine wanaogombana ni wawindaji wawili, kila mmoja karuhusiwa na mwenye shamba yuleyule. Hilo si lao kulimaliza porini. Mwenye shamba ndiye aliyelizaa. Agawe siku au agawe eneo, awaambie wote wawili kwa ujumbe mmoja ili kila mmoja aone mwenzake kaambiwa nini.

Hatua ya nane: mkishindwana, jua mlango wa kubisha

Ofisa wa wanyamapori anashughulika na leseni, msimu, aina ya mnyama, na mahali pengi pia na kuwinda bila idhini ya mwenye ardhi. Polisi ni kwa vitisho, silaha, uharibifu na mtu asiyetaka kuondoka. Wala hawa wala wale hawatakuamulia mpaka uko wapi au mkataba wenu ulikuwa na maana gani. Hayo ni ya baraza la ardhi au mahakama ya madai, kutegemea ulipo. Kabla ya huko, msuluhishi anayeaminiwa na pande zote ni nafuu mno, sharti makubaliano yaandikwe na kusainiwa siku hiyohiyo. Wakili mtafute mapema kama kuna mkataba wa kukodi, urithi, au haki ya kuwinda iliyotenganishwa na ardhi. Kwa ugomvi wa geti lililoachwa wazi, humhitaji.

Hatua ya tisa: ruhusa mpya

Kama mmepatana, msirudie ya simu. Ukurasa mmoja unatosha, wenye haya:

"Mimi …, mmiliki wa shamba …, namruhusu … mwenye leseni namba … kuwinda … (aina ya mnyama, idadi) kwa … (bunduki au upinde) kuanzia tarehe … hadi …, siku za …, ndani ya eneo lililochorwa kwenye ramani iliyoambatishwa. Haruhusiwi kupiga risasi ndani ya mita … kutoka kwenye nyumba na zizi. Atanijulisha kwa ujumbe kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Wageni: hakuna / majina yao ni … Gari litaishia … Kila geti ataliacha alivyolikuta. Dungu na kamera zitaondolewa ifikapo … Malipo: hakuna / kiasi … Ruhusa hii ni yake peke yake, naweza kuifuta kwa ujumbe wa maandishi."

Sainini wote wawili, na ramani nayo isainiwe, maana mkataba husema "upande wa mto" na mto una pande mbili. Kama malipo yapo, sentensi ya mwisho haifai ilivyo. Andikeni kinachotokea kwa fedha ruhusa ikikatishwa katikati ya msimu. Warithi wakiwa wengi, wote wasaini. Mwindaji atembee na nakala pamoja na leseni, ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Nyingine ikae nyumbani kwa mwenye shamba, ukutani karibu na mlango, ili hata yule mdogo wake akipigiwa simu na mtu mwezi ujao, awe na cha kumsomea.